Aliamini vitunguu husemezana kwa mwanga: Maisha ya Alexander Gurwitsch

Stima zikipotea usiku pale Kitengela, kitu cha kwanza unachofanya ni kupapasa simu ili uwashe tochi. Leo, kabla hujaiwasha, ngoja kidogo. Inua mkono mbele ya uso wako. Huoni kitu, si ndio? Giza tupu.

Lakini mkono huo unatoa mwanga. Hatusemi kwa mafumbo, wala haya si mahubiri. Ni mwanga wenyewe, unaohesabika kwa mashine, ila ni hafifu karibu mara elfu moja kuliko ule ambao jicho lako linaweza kuuona.

Sasa geukia kikapu cha jikoni. Kile kitunguu ulichonunua jioni kwa mama mboga, ambacho huenda kilivuka mpaka wa Namanga kwa lori kutoka Tanzania, nacho kinatoa mwanga. Sukumawiki pia. Hata paka aliyelala chini ya meza.

Miaka 100 hivi iliyopita, kuna mtu alichukua kitunguu kama hicho akajiuliza swali la ajabu: je, seli za kiumbe hai huweza kusemezana kwa mwanga? Swali hilo lilimpa umaarufu, likampa tuzo, kisha likamletea kejeli za wanasayansi wenzake hadi uzeeni. Jina lake ni Alexander Gurwitsch. Soma hadithi yake polepole, maana mwisho wake unagusa hata mfuko wako.

Kijana aliyetaka kuwa mchoraji

Gurwitsch alizaliwa Septemba 1874 mjini Poltava. Leo mji huo uko Ukraine, lakini wakati huo ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, baba yake akiwa wakili, na nyumbani kwao watu walipenda vitabu na sanaa. Kijana mwenyewe alitaka kuchora. Akaomba nafasi ya kusomea uchoraji, akaikosa.

Kama uliwahi kukosa kozi uliyoiota tangu Kidato cha Kwanza ukaishia kwenye nyingine, unaelewa. Yeye aliishia udaktari, katika Chuo Kikuu cha Munich nchini Ujerumani.

Kumbe jicho la mchoraji halikupotea bure. Lilihamia kwenye darubini. Badala ya kuchora nyuso na milima, akawa anatazama jinsi kiumbe kinavyojijenga ndani ya yai, siku baada ya siku. Alichapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1895, akiwa bado mwanafunzi, na akahitimu mwaka 1897.

Baada ya hapo alifanya kazi katika maabara za Strasbourg na kisha Bern, Uswisi. Ni katika miaka hiyo alipokutana na Lydia Felicine, mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Urusi. Wakaoana, na tangu siku hiyo ukisikia utafiti wa Gurwitsch ujue ni wa watu wawili. Lydia alikuwa mke, mtafiti mwenzake, na mara nyingi ndiye aliyekuwa naye pale mezani wakihesabu seli.

Strasbourg pia alikuwepo jamaa yake, Leonid Mandelstam, aliyekuja kuwa mwanafizikia mkubwa. Mazungumzo na Mandelstam yalimpa Gurwitsch tabia ambayo wanabiolojia wengi wa wakati ule hawakuwa nayo: kufikiria viumbe hai kwa lugha ya fizikia, yaani nguvu, mawimbi na mwanga.

Mwaka 1904 vita vya Urusi na Japani vikaanza, na daktari kijana akaitwa jeshini. Aliporudi, mwaka 1907 akaanza kufundisha St. Petersburg katika chuo cha wanawake, enzi ambazo wanawake wa Urusi walikuwa bado wamefungiwa milango ya vyuo vikuu vya kawaida.

Shanga bila fundi

Ni swali gani lililomsumbua mtu huyu maisha yake yote? Hebu tulielewe kwa mfano wa karibu.

Ukifika Namanga, kabla hujavuka mpaka, utakutana na akina mama wa Kimaasai wakiuza mikufu na bangili za shanga. Chukua bangili moja uiangalie. Nyekundu, nyeupe, buluu, nyeupe tena, mstari umenyooka, mchoro umefungana. Sasa jiulize: ushanga mmoja mwekundu unajuaje kwamba nafasi yake ni ile? Haujui. Anayejua ni mama aliyeshika uzi. Mchoro uko kichwani mwake na mkononi mwake.

Haya, rudi kwenye mwili. Wewe ulianza kama seli moja. Ikagawanyika zikawa mbili, nne, nane, hadi matrilioni. Baadhi zikawa jicho, nyingine ini, nyingine ukucha. Hakuna mama aliyeshika uzi. Seli inajuaje igawanyike lini, iende wapi, na isimame wapi?

Gurwitsch alikataa jibu rahisi kwamba kila seli inajijulia mambo yake. Alisema lazima kuna kitu kinachozunguka seli zote pamoja na kuziongoza, kama vile sumaku inavyopanga vipande vya chuma bila kuvigusa. Kitu hicho alikiita uga. Mwaka 1922 alichapisha maelezo yake kuhusu uga wa kiinitete, na wazo hilo, likiwa limebadilika sana, bado linaishi katika biolojia ya ukuaji hadi leo.

Lakini uga ni neno tu. Kama seli zinapokea amri, amri hiyo inasafiri kwa njia gani?

Vitunguu vya Simferopol

Mwaka 1918 Gurwitsch alihamia Simferopol, katika rasi ya Crimea, kufundisha katika Chuo Kikuu cha Taurida kilichokuwa kimeanzishwa mwaka huo huo. Ufalme ulikuwa umeanguka, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinaendelea, na baada ya vita ikaja njaa. Si mahali ambapo ungetarajia ugunduzi mkubwa. Vifaa vya kifahari havikuwepo. Vitunguu vilikuwepo.

Ukikumbuka biolojia ya sekondari, utakumbuka kwa nini kitunguu kinapendwa maabara. Kiweke juu ya glasi ya maji, baada ya siku chache kitatoa mizizi myeupe, na kwenye ncha za mizizi hiyo seli zinagawanyika kwa kasi. Ni rahisi kuziona na kuzihesabu.

Mwaka 1923 Gurwitsch alifanya hivi. Alichukua mzizi mmoja akaulaza ili ncha yake ielekee ubavuni mwa mzizi wa pili, kama mtu anayemulika ukuta kwa tochi. Mizizi yenyewe haikugusana. Baada ya muda akaukata ule mzizi wa pili vipande vyembamba, akaviweka chini ya darubini na kuhesabu seli zilizokuwa zinagawanyika kila upande. Akaona upande uliotazamana na ncha ulikuwa na seli nyingi zaidi zinazogawanyika kuliko upande wa pili.

Je, ni harufu? Ni kemikali inayopita hewani? Akaweka kizuizi katikati. Kitengela mnajua vioo, maana kwenu kuna karakana yenye jina kubwa kwa vioo vya rangi, basi mtaelewa hapa. Alipoweka kioo cha kawaida katikati, athari ilipotea. Alipoweka bamba la kwatsi, jiwe angavu linaloonekana kama kioo, athari ilirudi. Tofauti yao ni moja: kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, ile miale ya jua inayochoma ngozi, lakini kwatsi huipitisha.

Hitimisho lake likawa zito. Ncha ya mzizi inatoa miale dhaifu ya urujuanimno, na miale hiyo inauambia mzizi wa jirani ugawanye seli zake. Aliita miale ya mitojenetiki, yaani inayozaa mgawanyiko wa seli.

Dunia inashangilia, kisha inanyamaza

Habari zikasambaa. Mwaka 1924 Gurwitsch alikwenda Chuo Kikuu cha Moscow kama profesa. Maabara za Ulaya na Marekani zikaanza kurudia jaribio lake kwa mizizi, kwa hamira, kwa damu. Mjini Berlin, kijana mmoja mhandisi aitwaye Dennis Gabor, ambaye miaka mingi baadaye alishinda Tuzo ya Nobel kwa kuvumbua holografia, alishirikiana na mwenzake kulijaribu, na mwaka 1928 wakaripoti kwamba wameona athari hiyo. Mamia ya makala yakaandikwa. Gurwitsch akapendekezwa kwa Tuzo ya Nobel zaidi ya mara moja, ingawa hakuipata.

Lakini kulikuwa na shida. Maabara moja ikiona, nyingine ilikuwa haioni. Na kadiri watu walivyozidi kuwa waangalifu, ndivyo athari ilivyozidi kupungua. Nchini Marekani, Alexander Hollaender na Walter Claus walifanya majaribio mengi kwa uangalifu mkubwa, na mwaka 1937 wakatoa ripoti: hawakupata ushahidi wa miale hiyo.

Usidhani Gurwitsch alikuwa tapeli. Hakuna sababu ya kumshuku. Tatizo lilikuwa kipimo chake. Hakuwa na mashine ya kuona mwanga dhaifu kiasi hicho, kwa hiyo alitumia kiumbe hai kupima kiumbe hai. Mzizi mmoja ulitoa, mwingine ukapokea, na jibu likatoka kwa kuhesabu seli. Viumbe hai hubadilika vyenyewe. Leo mzizi unakua haraka, kesho polepole, upande huu zaidi ya ule. Juu ya hapo, mtu anayehesabu akishajua ni upande gani unatakiwa kuwa na nyingi, jicho lake humsaidia bila yeye kujua. Seli hii imeanza kugawanyika au bado? Ikiwa upande unaoupenda, utaihesabu.

Si yeye peke yake. Wewe mwenyewe ukiwa shabiki wa timu fulani, ile penalti ya dakika ya mwisho umeionaje?

Tuzo ya Stalin na mkono wa siasa

Maisha yake nje ya maabara hayakuwa rahisi. Mwaka 1929, baada ya kukorofishana na watu wa Chama cha Kikomunisti, alilazimika kuacha kiti chake cha uprofesa Moscow. Akahamia Leningrad, akaongoza maabara katika Taasisi ya Tiba ya Majaribio kuanzia 1930. Binti yake, Anna, naye akaingia katika utafiti huo huo. Mwanga wa seli ukawa kazi ya familia.

Mwaka 1941 serikali ilimpa Tuzo ya Stalin. Sababu mojawapo ilikuwa tumaini kwamba miale yake ingewezesha kupima saratani kwa njia rahisi na ya bei nafuu. Mwaka huo huo Wajerumani walivamia Urusi, Leningrad ikazingirwa, na Gurwitsch ikabidi ahamishwe. Kuhusu kipimo cha saratani, hakikuingia katika matibabu ya kawaida. Ukienda hospitali leo hutakikuta.

Baada ya vita aliongoza Taasisi ya Biolojia ya Majaribio kuanzia 1945. Kisha ikaja 1948. Mwaka huo Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyependwa na Stalin, alipata mamlaka juu ya biolojia yote ya nchi ile. Lysenko alipinga elimu ya jeni, na aliyempinga aliumia. Mwanasayansi mkubwa wa mbegu, Nikolai Vavilov, alikuwa tayari amefia gerezani mwaka 1943. Gurwitsch naye alistaafishwa.

Lydia alifariki mwaka 1951. Desemba 1953, nchini Marekani, mwanakemia Irving Langmuir, mshindi wa Nobel, alitoa mhadhara kuhusu makosa ambayo wanasayansi waaminifu huangukia kwa kuona wanachotaka kuona. Miongoni mwa mifano yake akataja miale ya Gurwitsch. Tarehe 27 Julai 1954, Gurwitsch alifariki. Kwa wengi, wazo lake lilikuwa limekufa kabla yake.

Mwaka huo huo

Sasa sikiliza. Mwaka 1954, mwaka ule ule aliokufa, watafiti wawili wa Italia, Colli na Facchini, walichapisha makala fupi. Walikuwa na kitu ambacho Gurwitsch hakuwa nacho mwaka 1923: kifaa cha kunasa mwanga kinachoweza kuhesabu fotoni, zile chembe ndogo kabisa za mwanga, moja baada ya nyingine. Wakakielekeza kwenye mbegu zinazochipua, katika giza kamili. Kifaa kikahesabu. Mbegu zilikuwa zinatoa mwanga.

Tangu hapo jambo hilo limethibitishwa tena na tena kwa mimea, kwa wanyama na kwa binadamu. Chanzo chake si siri. Seli zako hutumia oksijeni kuchoma chakula, na katika kazi hiyo hubaki vipande vya oksijeni vikali vinavyogonga mafuta na protini. Molekuli iliyogongwa hupata nishati ya ziada, na inapotulia huitema nishati hiyo, mara chache sana kama fotoni. Ni fotoni chache, kutoka kadhaa hadi mamia kwa sekunde katika kila sentimita mraba ya ngozi.

Mwaka 2009 watafiti wa Japani waliwaweka vijana wa kiume, vifua wazi, ndani ya chumba chenye giza, wakawapiga picha kwa kamera iliyopozwa sana. Picha zikaonyesha miili inang'aa. Uso uling'aa kuliko kifua, na mwanga ulifikia kilele saa kumi jioni.

Kwa hiyo Gurwitsch alishinda? Hapa ndipo watu wengi hukosea.

Alidai mambo mawili. La kwanza: seli hai hutoa mwanga. Hilo ni kweli, ingawa mwanga unaopimwa leo kwa sehemu kubwa si ule wa urujuanimno aliouwazia. La pili: mwanga huo ni ujumbe, na seli nyingine huusoma na kutii. Hilo halijathibitishwa. Kuanzia miaka ya 1970 Mjerumani Fritz-Albert Popp alilifufua, na hadi leo kuna maabara zinazoripoti dalili. Lakini bado hakuna jaribio ambalo kila maabara inaweza kulirudia na kupata jibu lile lile.

Linganisha na kimulimuli, yule mdudu anayewaka na kuzima nyasini baada ya mvua. Yeye hutoa mwanga kwa makusudi, jicho la mwenzake linauona, na dume akimweka kwa mpigo wake, jike wa aina yake hujibu. Ukiiga mpigo huo kwa taa ndogo, unaweza kumdanganya akakujibu wewe. Hapo kuna mtumaji, kuna mpokeaji, na kuna jibu. Kwa seli za kitunguu, tunaye anayetoa mwanga. Mpokeaji na jibu bado vinatafutwa. Injini ya matatu nayo hutoa joto, lakini haimaanishi kwamba inaliambia kitu gari la nyuma.

Na mfuko wako?

Siku moja, pengine stejini, pengine kwenye mkutano ulioalikwa na rafiki kwa jina la fursa, mtu atakuonyesha bangili, kibandiko au mashine ndogo. Atakuambia seli zako huongea kwa mwanga, kwamba wanasayansi wamethibitisha, na kwamba kifaa chake husoma mwanga huo na kukuambia ugonjwa ulio nao, au huurekebisha. Huenda akataja hata jina la Gurwitsch.

Ataanza na ukweli: mwili hutoa mwanga. Ukitafuta mtandaoni utakuta ni kweli, na ukishakubali hilo, atakuvusha haraka hadi lile la pili, ambalo halijathibitishwa, kisha hadi la tatu, la bei. Muulize aliyepima ni nani mbali na muuzaji. Muulize waliopima walijua jibu lililotakiwa au hawakujua. Muulize kifaa cha kuhesabu fotoni hizo chache kinawezaje kufanya kazi mchana, juani, pale stejini, wakati Wajapani walihitaji chumba cha giza na kamera ya kugandisha. Kama una mgonjwa nyumbani, pesa hizo zina kazi hospitalini.

Lakini usimcheke Gurwitsch. Waliomcheka walitupa yote mawili, uongo na ukweli, na kwa miaka mingi mwanga wa seli ulibaki jambo ambalo mtafiti kijana aliogopa kuligusa asije akachekwa naye.

Kama unataka kumkumbuka, haihitaji pesa nyingi. Nunua kitunguu kibichi pale sokoni Kitengela au Kajiado mjini. Kiweke juu ya glasi, sehemu ya chini iguse maji kidogo. Subiri siku nne, tano. Mizizi ikitoka, zima taa usiku uiangalie. Hutaona kitu. Mwanga upo. Unaenda wapi, na kuna anayeupokea au la, hilo bado linamsubiri mtu wa kulipima vizuri, na huenda mtu huyo anasoma Kidato cha Tatu hapo Isinya au Bissil.